Ukienda Ziwa kuona vifaru, zima lokesheni kwanza

Watu wananiuliza sana kuhusu safari ya kwenda kuona vifaru pale Ziwa, hifadhi ya vifaru iliyoko Nakasongola, Uganda, na mimi huwa naanza na jambo moja tu: zima lokesheni ya kamera kabla hujapiga hata picha moja, manake simu inaweza kuweka ndani ya picha mahali penyewe uliposimama, na kuna watu wanaotafuta pembe ambao hiyo tu inawatosha. Usiweke status ukiwa bado porini, subiri ufike nyumbani, na hata hapo usitaje mlikuwa upande gani.

Nasisitiza hivi kwa sababu sisi Uganda tulishawahi kuwamaliza. Tulikuwa na vifaru weusi na weupe wa kaskazini, ujangili wa miaka ya 70 na vurugu zilizofuata ukawafyeka, ikafika 1983 hakuna hata mmoja aliyebaki porini. Hawa wa Ziwa ni weupe wa kusini, wa kwanza wanne walitoka hifadhi ya Solio kule Kenya mwaka 2005, wawili wakaletwa 2006 kutoka Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama kule Marekani, na 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, baba wa Kenya mama wa Marekani, wakamwita Obama. Wale wa kaskazini, ambao ndio hasa waliokuwa wa kwetu, wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, wako hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Na kifaru hubeba mimba kama miezi 16 anazaa mtoto mmoja, sasa wewe piga hesabu jike mmoja akiuawa tunarudi nyuma miaka mingapi.

Njia si ngumu, panda basi la Gulu au Masindi pale Kampala, shuka Nakitoma, chukua boda. Jitahidi ufike mapema, jua likikaza wanalala tu chini ya miti. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika, nyasi ni ndefu na nguo za rangi kali acha nyumbani.

Mnatembea kwa miguu na renja, na hapo tafadhali msikilize. Kifaru haoni vizuri lakini pua na masikio yake ni hatari, ndo maana renja anaangalia upepo kabla ya kuwasogeza, akisema rudini nyuma rudini, hata kama picha haijatoka vizuri. Mkinyamaza kabisa mtasikia nyasi zinavyokatwa na ile midomo mipana, krap krap, mimi naona hiyo inashinda picha yoyote.

Halafu usiondoke bila kumuuliza renja maswali, wengi wanapiga selfie wanaondoka na hiyo inaniuma kweli. Muombe akuonyeshe alama zilizokatwa masikioni, kila kifaru ana zake, ndivyo wanavyowatofautisha. Muulize anaandika nini kwenye daftari lake, manake hawa watu wanawafuata usiku na mchana, mvua ikinyesha wako nao, wanaandika amekula wapi, amelala wapi, yuko na nani, nani kapigana na nani. Huo ndio utafiti wenyewe. Kama unasoma biolojia au mambo ya wanyamapori nenda na daftari lako pia, na uulize mapema ofisini kwao kama wanapokea wanafunzi.