Alps kipindi cha joto: nilibeba mizigo Kili, saivi niko Uswisi mwaka wa 9, haya ndo ninayoyajua

Mkuu, umeuliza kwamba wewe na shemeji mnakuja Julai wiki mbili kwa dada yako Bern, mnataka kutembea milimani upande wa Interlaken, je ni lazima guide na wapagazi kama Kili, je ile treni ya Jungfraujoch, inayopanda mpaka juu kwenye barafu, inastahili hela yake, na mbebe nguo gani. Wadau wamekujibu "nendeni tu, huko rahisi, treni na gondola (vile vibanda vya kuning'inia kwenye waya) zimejaa kila kona." Sio uongo, ila jibu hilo ndo limenifanya nikae niandike kwa urefu maana mimi mwenyewe lilitaka kuniponza.

Mimi ni mtu wa Marangu. Kabla sijaja huku nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu minne, kwahiyo mlima naujua kwa mabega na magoti. Saivi naishi Thun, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na kila nikipata off kipindi cha joto niko juu.

Guide kwanza. Kule kwetu KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kili, hawakupitishi getini bila guide, na guide ndo anakuambia polepole, ndo anaangalia macho yako kama una kizunguzungu, ndo anasema leo basi tunashuka. Huku hamna geti. Hamna wa kukuandika jina wala wa kukuuliza umebeba nini. Unapanda treni asubuhi, inakutema kwenye mita 2,000, mlango unafunguka na njia iko mbele yako, na uamuzi wote wa siku hiyo unabaki kwako. Kwa njia za kawaida huhitaji guide kabisa, ila maana yake kazi ya guide unaifanya wewe, na watu wengi wanaokuja mara ya kwanza hawajui kama wamepewa hiyo kazi.

Njia zimewekwa alama vizuri sana, jifunze hizi tatu tu. Kibao cha njano kitupu ni njia ya kutembea, hata mtoto anapita. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, hapo kuna mawe, kuna sehemu nyembamba yenye bonde pembeni, wakati mwingine kamba au mnyororo wa kushikilia, unatakiwa uwe na buti na usiwe muoga wa kimo. Nyeupe-bluu-nyeupe achana nayo, hiyo ina barafu na miamba ya kupanda kwa mikono na ni ya wenye vifaa na uzoefu. Kwenye vibao wameandika muda na sio kilomita, na muda huo hawajaweka kupumzika wala kupiga picha, kwahiyo kikisema saa 2 nyinyi hesabuni 3.

Sasa nikusimulie kilichonikuta. Ilikuwa kipindi changu cha joto cha pili huku, Julai, mimi na wenzangu wawili wa kazini tukapanga ile njia maarufu ya Schynige Platte mpaka kilele cha Faulhorn mpaka First (kituo cha gondola juu ya kijiji cha Grindelwald), kama kilomita 16, saa 6 za kutembea. Unaanzia Wilderswil na katreni ka zamani ka reli yenye meno katikati, kako tangu 1893, kanapanda taratibu karibu saa nzima mpaka karibu mita 2,000. Tulikunywa chai bila haraka, tukachelewa, tukafika juu saa 5 asubuhi. Mwenzetu mmoja akauliza kama hatujachelewa nikamwambia Faulhorn yenyewe ni mita 2,681, hiyo haifiki hata Mandara, kambi ya kwanza ya Kili, tutatembea tu. Ndivyo nilivyosema, maneno yangu.

Saa 7 mchana yale mawingu madogo meupe yaliyokuwa juu ya Faulhorn yalikuwa yameshapanda marefu kama cauliflower na chini yameiva meusi. Huku ndivyo inavyokuwa siku za joto, jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, mchana inageuka radi. Tulikuwa kwenye ukingo wa mlima hamna mti hamna kitu, ngurumo ya kwanza ikapiga upande wa ziwa la Brienz, mvua ikaja na mawe ya barafu, na fimbo yangu ya chuma nikaisikia inalia zzzz kama waya wa umeme. Nywele za mikono zilisimama. Nikaitupa fimbo tukakimbia tumeinama, tukiachiana nafasi, mpaka Männdlenen ambapo kuna nyumba ndogo ya kupumzikia kwenye mita 2,344 imekaa kwenye pengo kati ya miamba. Tuliingia tumelowa mpaka ndani, dada tuliyekuwa naye anatetemeka hawezi hata kushika kikombe. Kili nimeona baridi nyingi lakini sijawahi kuogopa vile.

Tulikaa zaidi ya saa nzima. Mvua ikapungua, mimi nataka kuendelea mbele maana tumeshafika karibu nusu, mtu wa pale akaangalia nje akasema mbele kuna nyingine inakuja, rudini mlikotoka wakati bado treni ipo. Tulirudi. Tulifika stesheni treni ya mwisho ikiwa inakaribia kuondoka. Faulhorn nilikuja kufika miaka mitatu baadaye kwa treni ya kwanza ya asubuhi, saa 6 mchana niko kileleni, upande mmoja vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vimejipanga, upande mwingine ziwa la Brienz rangi ile ya bluu-kijani kama imetiwa maziwa, ni unga wa mawe uliosagwa na barafu ya juu ndo unaipaka vile, na saa 8 niko First nashuka na gondola wakati mawingu ndo yanaanza kujikusanya. Njia ileile, mwezi uleule.

Kwahiyo mkuu sheria yangu saivi ni hii: kabla sijatoka nyumbani naamua saa ya kugeuka, na natembea kama vile mpagazi mkuu ameshaipanga, haijalishi nimebakiza dakika ngapi kufika. Na jioni ya kabla naangalia programu ya hali ya hewa ya MeteoSwiss, ni bure, ina rada ya mvua, ikionyesha radi mchana basi nafanya matembezi mafupi ya asubuhi au nabaki bondeni.

Na bondeni sio adhabu. Siku ya mvua mpeleke shemeji Trümmelbach, bonde la Lauterbrunnen. Ni maporomoko kumi yaliyo NDANI ya mwamba, maji ya barafu ya upande huu wa Eiger, Mönch na Jungfrau yanapita pale, yakijaa yanafika lita 20,000 kwa sekunde, unapanda lifti ndani ya mlima afu unashuka kwa ngazi na mwamba unatetemeka, hamuwezi kuongea mkasikizana. Njiani mtaona Staubbach inaanguka karibu mita 300 kutoka juu ya ukuta wa bonde, upepo ukipiga maji yanageuka vumbi kabla hayajafika chini.

Ila siku hiyohiyo ya mvua usikubali mtu akuuzie kushuka kwenye korongo la mto, ile michezo ya kuruka kwenye mabwawa na kuteleza kwenye miamba. Siku nzuri na watu wenye leseni ni raha sana, nimefanya. Lakini Julai 1999 kwenye korongo la Saxetbach karibu na Interlaken watu 21 walikufa baada ya mvua ya radi kunyesha huko juu na maji kushuka ghafla kama ukuta. Wengi wao walikuwa vijana kama sisi, wamekuja kutembea. Radi ikiwa popote juu ya huo mto, toka.

Jungfraujoch. Nauli yake bila punguzo ni zaidi ya faranga 200 kwa mtu kutoka Interlaken kwenda na kurudi, ni hela nyingi sitakudanganya. Reli yenyewe walianza kuchimba 1896 wakafika juu 1912, inapita ndani ya tumbo la Eiger, na ukitoka unaona Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alps, kama kilomita 20. Mimi niliyeona barafu ya Kibo, kilele cha Kili, ikipungua mwaka hadi mwaka nilisimama pale nikashindwa kuongea. Kama anga ni safi kabisa, nenda. Kama kuna wingu usiende, utalipa kuona ukungu. Kuna kamera za moja kwa moja kwenye mtandao, ziangalie asubuhi kabla ya kukata tiketi.

Na hapa ndo ile habari ya treni kukutema inarudi tena. Interlaken ni mita 567, Jungfraujoch ni 3,454. Hiyo ni juu kabisa ya Mandara unaitafuta Horombo, kambi ya pili ya Kili, safari ambayo kwetu mgeni anatembea siku mbili na bado tunamwambia polepole, huku unafika kabla chai haijashuka tumboni. Nimeona watu wamekaa kwenye ngazi wameshika kichwa, hawajui wana nini. Shuka kwenye treni taratibu, kunyweni maji, shemeji akisema kichwa kinagonga au anasikia kichefuchefu msibishane, pandeni treni inayofuata kushuka. Na kama mtatembea nje kwenye theluji msivuke zile alama, chini ya theluji kuna mipasuko ya barafu na haionekani.

Kama hela haitoshi, ningekuwa wewe ningeiacha Jungfraujoch nikalala usiku mmoja kwenye kibanda cha mlimani. Chama cha wapanda mlima cha hapa, SAC, kipo tangu 1863 na kina vibanda kama 150. Ninachokipenda ni Gleckstein juu ya Grindelwald, mita 2,317. Unapanda basi la kwenda Grosse Scheidegg, unashuka njiani, unapanda kama saa 3, njia ya nyeupe-nyekundu-nyeupe yenye kamba sehemu mbili tatu na kuna mahali maji yanaanguka unapita chini yake. Jioni wale mbuzi mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda, Steinbock, wanakuja karibu na kibanda kulamba chumvi. Hawa waliwahi kuisha kabisa Uswisi kwa kuwindwa, mbegu yao ikachukuliwa kwenye kundi la mfalme wa Italia, kwa magendo kabisa, na 1911 wakaanza kuachiwa tena porini. Leo wanapita mbele yako unakula supu.

Kibandani mnaweka nafasi mapema, mnavua buti mlangoni, mnakula mezani pamoja na watu msiowajua, mnalala chumba kimoja kirefu na shuka lako jepesi la kujifunga kama mfuko, saa 4 usiku kimya. Andaa kama faranga 80 mpaka 100 kwa mtu pamoja na chakula cha jioni na asubuhi, na mbebe keshi. Shemeji atazame vizuri hiyo njia kabla, kama anaogopa kimo msimlazimishe, tembeeni mpaka ziwa la Bachalpsee kutoka First, saa moja kwenda, njia pana, na kilele cha Wetterhorn mnakiona vizuri tu.

Mtakutana na ng'ombe. Sisi Wachaga tunamfungia ng'ombe ndani tunamkatia majani kwenye kihamba (shamba la nyumbani) tunamletea, huku Juni wanampandisha yeye akayafuate majani juu na Septemba wanamshusha amevikwa maua na kengele kubwa shingoni, na jibini ya miezi hiyo ina ladha ya yale maua. Mimi kila nikisikia zile kengele asubuhi nakumbuka nyumbani. Ila ng'ombe mwenye ndama usimsogelee kupiga picha, mzunguke mbali, na kila geti unalofungua lifunge nyuma yako.

Nguo: buti zenye soli ngumu ulizokwisha kuzivaa angalau wiki tatu, sio mpya, nunua mapema hata mtumba wa soko la Memorial pale Moshi utapata nzuri kabisa. Koti la mvua la kweli, sweta, kofia, mafuta ya jua maana juu ya theluji ngozi nyeusi nayo inaungua, nimeungua midomo na pua. Maji lita moja na nusu kwa mtu, mkate, karanga. Begi lisizidi kilo 7 au 8, huku hamna mgumu (mpagazi) wa kukubebea.

Bima: ile ya viza ya Schengen ya angalau euro 30,000 isome, uhakikishe ina uokoaji wa mlimani na kutembea milimani hawajaitoa, maana helikopta ikija bili inafuata. Namba ya helikopta ya Rega ni 1414, iandikeni kwenye simu zote mbili leo.

Mkiwa bado mpo tarehe 1 Agosti ni sikukuu yao ya taifa, usiku wanawasha mioto milimani. Mwambie dada yako awalete Thun jioni mkae kando ya ziwa, mimi nitakuwepo na wanangu. Nitumie PM tarehe zenu, niwapangie siku kulingana na hali ya hewa ya wiki hiyo.