Ng'ombe wangu wa maziwa anatakiwa ale kilo ngapi kwa siku?

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe mmoja wa maziwa bandani, huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Ana miezi miwili tangu azae. Alianza na lita 12, sasa ameshuka hadi 8 na mbavu zinahesabika. Nampa mizigo miwili ya majani ya tembo, mgomba uliokatwakatwa kama kilo 20, na kopo la pumba la kilo moja. Anakula hadi analamba hori. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Hapo kwenye kulamba hori ndipo penye jibu: ng'ombe wako ana njaa. Hori likikutwa tupu asubuhi, chakula hakikutosha. Pakutwe masalia kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya ulichompa.

Ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakiondolewa, kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake. Chotara wa kilo 400 anahitaji kilo 12. Sasa tupime hori lako. Mzigo wa kichwani tuuchukulie kilo 20 (uning'inize kwenye mizani ujue wako). Majani mabichi ya tembo yana ukavu wa asilimia 18 hivi, kwa hiyo kilo 40 zinampa kilo 7 tu. Mgomba ndio unaotudanganya sana sisi wa milimani. Kamua kipande kiganjani uone maji yanavyochuruzika hadi kwenye kiwiko! Kilo 20 zake hazina hata kilo moja na nusu ya chakula. Tumbo linajaa, maziwa hayaji. Ukijumlisha na pumba, unapata kama kilo 9. Zile 3 zinazopungua anazitoa mwilini mwake, ndiyo maana mbavu zimetokeza.

Mgomba punguza ubaki nusu, kisha ongeza nusu mzigo wa majani. Yakate yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakishapita kimo cha mtu yamekuwa miti, shina analiacha. Pumba ipande hadi kilo 3 kwa siku, ukigawa asubuhi na jioni wakati wa kukamua, lakini panda polepole kwa muda wa wiki mbili, maana pumba nyingi za ghafla huchachusha tumbo. Tena isiwe pumba tupu: kwenye kilo 100 weka pumba ya mahindi 70, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) 28 na madini ya mifugo 2.

Maji yasikauke mbele yake. Anayekamuliwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na akipewa ndoo mbili tu, hata majani atayaacha.

Wakati wa kiangazi, mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka tambarare yanajaza tumbo, ila yana protini kidogo sana. Yakatekate, uchanganye na majani ya lusina au kaliandra, miti ya malisho yenye protini nyingi.

Ikipita wiki tatu, hori linabaki na masalia na bado anakonda, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata amkague minyoo na meno.