Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi cha Baridi na Joto Kinafaa Tabora?

SWALI: Nyumba yetu iko Ipuli, Tabora mjini. Mama yangu mzazi ni mtu mzima sana, na chumba chake kina ukubwa wa mita 4 kwa 3.5, ukuta mmoja ukipigwa na jua la magharibi, paa likiwa la bati na dari ya jipsamu. Mwezi wa Oktoba hapati usingizi kwa joto, na ikifika Juni na Julai anatetemeka usiku hadi tunamwekea jiko la mkaa chumbani. Tumechanga fedha za kiyoyozi, na muuzaji ametupa chaguo tatu: cha kawaida cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kifaa) kinachopoza tu, ambacho ndicho anachokisifia kwa kuwa ni kikubwa, cha inveta (kinachoweza kubadili mwendo wake) cha BTU 12,000 kinachopoza tu, na cha inveta cha BTU 12,000 kinachopoza na kupasha joto, ambacho kimezidi hicho cha pili kwa shilingi 180,000. Je, hiyo nyongeza ina maana kwa hali ya hewa ya huku kwetu?
Msomaji, Ipuli, Tabora

JIBU: Dada yetu, tufikishie shikamoo kwa mama. Kabla hatujafika kwenye viyoyozi, tunakuomba jiko la mkaa lisiingie tena chumbani humo, hata kama fedha za kiyoyozi zitachelewa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamshwi nayo. Blanketi zito la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa vitamfaa zaidi kwa sasa.

Tukija kwenye swali lenyewe, jibu letu ni chaguo la tatu, lakini sababu kuu si kupasha joto. Katika mwaka mzima wa Tabora, baridi inayohitaji kupashwa ni ya majuma machache ya katikati ya kiangazi, usiku na alfajiri tu, ilhali joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ndilo litakalokifanyisha kifaa hicho kazi ngumu. Kwa hiyo kichagueni kwanza kwa uwezo wake wa kupoza, na upande wa kupasha joto uhesabiwe kuwa nyongeza ambayo, kwa bei mliyotajiwa, inastahili kulipiwa.

Kwa nini inastahili? Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto, kama friji inavyotoa joto la vyakula na kulimwaga mgongoni pake. Kile cha njia mbili, yaani cha kupoza na kupasha joto, kina vali inayogeuza mwelekeo wa gesi, hivyo koili (bomba lililokunjwakunjwa) ya ndani iliyokuwa ikipoa sasa inapata moto, na ile ya nje inafyonza joto kutoka kwenye hewa ya nje, ambayo hata ikiwa ya nyuzijoto 15 bado ina joto la kutosha kuvunwa. Kwa kuwa umeme unatumika kulihamisha joto hilo na si kulizalisha, uniti moja ya umeme huweza kuingiza chumbani joto la uniti tatu hadi nne, wakati hita ya waya hutoa joto la uniti moja kwa kila uniti unayolipia, hata ingenunuliwa kwa bei kubwa namna gani. Isitoshe, uwezo wa kupasha joto unaoandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani hupimwa hewa ya nje ikiwa na nyuzi 7, na usiku wa Julai hapo kwenu kwa kawaida hauteremki kiasi hicho, kwa hiyo kifaa kitafanya kazi kwa wepesi kuliko kilivyopimiwa.

Tufanye hesabu ya makadirio. Tuchukue kwamba chumba cha mama kinahitaji joto la kilowati 1.5 kwa saa 4 kila usiku, kwa usiku 60. Hita ya waya itakula uniti 360. Kiyoyozi kitakula kama uniti 100 hivi. Tukiweka shilingi 350 kwa uniti, tofauti ni takribani shilingi 90,000 kwa msimu, maana yake ile nyongeza ya 180,000 inarudi ndani ya misimu miwili. Hesabu hii inasimama tu ikiwa kweli mngenunua hita. Kwa kijana anayetosheka na blanketi tungesema aachane nayo, lakini mtu mzima anayetetemeka hadi mkaa unaletwa chumbani ni jambo jingine.

Kile cha BTU 18,000 tunakikataa. Kanuni ambayo mafundi wengi huanzia ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita za mraba 14 kinatoa 8,400. Ongezeni kwa ajili ya bati na ukuta wa magharibi, nanyi mtafika karibu na 12,000, si zaidi. Ni kweli kwamba kikubwa kitapoza haraka, lakini wakati wa masika kitafikia nyuzi mlizoweka na kuzima kabla hakijatoa unyevu wa kutosha hewani, na mama atabaki katika chumba chenye baridi ya majimaji. Tena kiyoyozi cha kawaida huwasha kompresa yake (pampu inayosukuma gesi) kwa mkupuo, ikivuta wakati huo umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Jioni ambapo umeme umeshuka mtaani, hapo ndipo taa hufifia na kompresa hukwama. Inveta huanza polepole na kupunguza mwendo chumba kinapokaribia kutulia.

Inveta nayo ina udhaifu wake, nao ni bodi ya umeme iliyomo ndani, ambayo haipendi umeme unaopanda ghafla baada ya kukatika na ambayo bei yake huuma. Muulizeni muuzaji kama anayo bodi hiyo dukani au ni lazima iagizwe Dar es Salaam, na jibu lake liandikwe kwenye karatasi ya dhamana. Nunueni pia kinga ya umeme ya aina inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme urudi kwenye kifaa. Kiyoyozi kiwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu na swichi yake ya kujikata, kisichangie soketi na pasi au birika.

Kuhusu Luku: kama mita yenu iko kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jueni kwamba kiyoyozi chochote kati ya hivyo vitatu kikiwashwa kila usiku kitawatoa humo. Hilo ni bora mlijue kabla ya kulipa.

Siku ya kununua, msiridhike na rimoti yenye alama ya jua, kwa maana viwanda vingi hutoa rimoti ya aina moja kwa vifaa vya aina zote, na alama hiyo inaweza kuwapo hata kwenye kifaa kisichopasha joto. Someni kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa boksi la nje la kiyoyozi, si katoni yake: kifaa cha njia mbili kitaonyesha viwango vya kupoza na vya kupasha joto, kila kimoja na wati zake. Palipo na kiwango kimoja tu, ni cha kupoza tu, aseme muuzaji atakavyosema.

Fundi naye asimamiwe. Baada ya kuunga mabomba ni lazima atumie pampu ya kuvuta hewa yote iliyomo kabla ya kuachia gesi. Anayetoa hewa kwa kuipuliza kwa gesi kidogo anaacha unyevu ndani, na mtaujua ubaya wake baadaye. Boksi la nje likae upande wenye kivuli, mbali na ule ukuta wa magharibi, na lioshwe mara kwa mara wakati wa kiangazi kwa sababu vumbi huziba mapezi ya koili. Kabla ya yote hayo, mkiweza kutandaza tabaka la kuzuia joto juu ya ile dari ya jipsamu, fanyeni hivyo, maana bati la Oktoba ndilo adui mkubwa wa chumba hicho.

Mkianza kukitumia kupasha joto, msishtuke kikikaa dakika chache bila kupuliza. Kinasubiri koili ipate moto ili kisimpulizie mama hewa ya baridi. Mdomo wake uelekezwe chini, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na nyuzi 21 au 22 zinatosha. Wakati wa joto wekeni 25 au 26, na mdomo uelekee juu.

SWALI: Nina kiyoyozi cha zamani cha gesi ya R22 ambacho kinavuja. Fundi anasema atakijaza R410A, kwamba ni gesi ya kisasa, na kwamba anaweza kukigeuza kiwe kinapasha joto pia. Nikubali?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Usikubali lolote kati ya hayo mawili. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa R22 kwa zaidi ya nusu, na huhitaji mafuta ya kompresa ya aina nyingine. Ukiijaza humo unaihatarisha kompresa, na fundi mwenyewe pia. Kukigeuza kiwe cha njia mbili kunataka vali, mabomba na bodi mpya, gharama ambayo haina maana kwa kifaa kilichochoka, tena katika mji ulio kando ya ziwa ambako usiku wa baridi kali ni nadra. Kama tundu linaonekana na koili haijaliwa na kutu, lizibwe, kisha ijazwe R22 ileile. Kama koili imeoza, fedha hizo zitunze kwa ajili ya kipya cha kupoza tu chenye gesi ya R32, kwa sababu R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, makubaliano ya kimataifa ya kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea ukomo umewekwa mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo.