Manukato kwenye daladala: punguza, usiache

Dada yangu, umeuliza kama uache kabisa kujipulizia manukato, kwa kuwa abiria mwenzio kwenye daladala alifungua dirisha akaanza kukohoa. Usiache. Punguza tu, na ubadilishe mahali unapopaka.

Pua huzoea upesi. Ukikaa na harufu dakika chache huisikii tena, ndiyo maana unaongeza, na wa pembeni yako anaipata yote. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua kabisa. Mdogo wangu anayo. Nimemwona akishuka Magomeni kabla ya kituo chake, inhela mkononi, kwa harufu ya mtu aliyekaa siti ya mbele. Sijalisahau hilo.

Pulizia mara moja, mbili zikizidi, kifuani chini ya nguo, nusu saa kabla ya kutoka. Mtandio usiupulizie, kitambaa hushika harufu siku nzima. Marashi ya mafuta ni mapole zaidi: tone moja nyuma ya sikio hubaki karibu na ngozi. Nguo za udi zifukize usiku, kisha zitundike zipigwe na hewa hadi asubuhi. Na ukienda kumwona mgonjwa hospitali, usipake chochote.