Nimepewa saa ya kufungulia, nirekodi seti kabisa?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka miwili najifunza kumiksi muziki wa house na techno chumbani kwangu, sasa nimeitwa kupiga laivu mara ya kwanza, saa moja tu, tena mwanzoni kabla watu hawajajaa. Nimeshapanga ngoma 18 kwa mfuatano. Rafiki yangu anasema nirekodi seti nzima nibonyeze tu maana mikono itatetemeka. Nifanyeje?
– Dijei mchanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Usirekodi, nakuomba. Seti iliyorekodiwa haimwoni mtu, nawe kazi uliyoitiwa ni kuwaona watu.

Halafu ngoma 18 kwa saa moja ni nyingi mno, house nyingi zina dakika sita saba, ukizibana hivyo kila moja inakatwa kabla haijakolea. Beba hata 60 kwenye fleshi, panga tatu za kwanza basi, zingine uchague palepale. Muda wa kuchagua upo. Ngoma ikienda biti 124 kwa dakika, biti 32, yani fungu moja la ngoma, ni sekunde 15 na kidogo, yani unainua kichwa, unaona nani anatikisa mabega na nani anarudi kukaa, unashuka tena kwenye hedifoni. Inayoingia iache bila besi kwanza, likianza fungu jipya shusha besi ya ile ya zamani upandishe ya hii kwa wakati mmoja, maana besi mbili zikigongana spika zinavuma tu, huelewi kitu.

Na saa ya kufungulia sio saa mbaya jamani! Mi mara ya kwanza nilifungulia kwa ngoma zangu kali zote, watu wanne wameegemea ukuta wananitazama, aliyenifuata akakuta sijamwachia pa kupandia. Roho iliniuma sana. Anza chini, biti 118 au 120, acha watu waongee. Frankie Knuckles alikuwa dijei wa kudumu wa Warehouse, Chicago, kuanzia 1977, ukumbi uleule wiki baada ya wiki akiwasoma watu walewale, na wengi wanasema hata jina house limetoka kwenye jina la ukumbi ule. Kwa hiyo baada ya usiku huo omba saa hiyohiyo tena na tena, kazi ya udijei inakuzwa hivyo kuliko klipu za mtandaoni.

Mikono itatetemeka ndiyo, ngoma ya pili ya tatu inatulia. Dijei Black Coffee wa Afrika Kusini aliumia mkono wa kushoto kwenye ajali 1990, anapiga kwa mkono mmoja na tuzo ya muziki ya Grammy kachukua 2022.

Nunua vizibo vya masikio kabla ya kitu kingine chochote, kwenye sauti ya desibeli 100 usikae zaidi ya dakika 15 kwa siku. Na fleshi beba mbili, zenye ngoma zilezile.