Nimeweka Ubuntu, mbona yawaka Windows tu?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina leptopu ya HP ya mtumba, ina Windows 10, na kijana wangu wa chuo akataka tuweke Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando yake. Tukaweka kwa flashi, ikamaliza vizuri hata ikatuambia tuwashe upya, tukawasha, ikaingia Windows moja kwa moja kama hakuna kilichofanyika. Tumerudia mara tatu! Fundi mmoja hapa mtaani asema hadidiski imekufa nusu, nimpe elfu tatu afute yote aanze upya. Nimpe?
Mama, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usimpe, hizo weka za mboga. Hadidiski iliyokufa nusu kwa kawaida isingewasha hiyo Windows kila siku bila kelele.

Ubuntu yako huenda imo humo humo, ila haiko mbele. Ni kama steji ya matatu, gari iliyo mbele ndiyo hujaza kwanza, na Windows imeshika nafasi ya kwanza haitoki. Zima leptopu kabisa, iwashe huku ukigonga Esc mfululizo, gonga usishikilie, kisha F9. Itakuja orodha fupi, utaona Windows Boot Manager na karibu yake neno ubuntu kwa herufi ndogo. Lichague. Ikiwaka basi mambo kwisha, utaingia bayosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F10 uipandishe ubuntu juu kwenye Boot Order, yaani foleni ya kuwaka, na kwa mashine nyengine imejificha ndani ya OS Boot Manager, hadi ugonge Enter hapo ndio ionekane. Lakini kabla hujagusa bayosi hakikisha kama Windows imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski, maana ikishtuka itakudai namba ya tarakimu 48 na usipokuwa nayo utalia mama yangu.

Sasa usipoliona hilo neno ubuntu kabisa, hapo nashuku flashi. Ukiwa Windows andika msinfo32 pale pa kutafutia, angalia palipoandikwa BIOS Mode. Ikisema UEFI, yaani njia mpya ya kuwasha mashine, na nyinyi mliwasha flashi kwa njia ya zamani, ile Legacy, basi Ubuntu ilijiandika mahali ambapo mashine haitazami. Flashi moja yaweza kuonekana mara mbili kwenye ile orodha ya F9, chagueni yenye neno UEFI, muweke tena Ubuntu juu ya partisheni, yaani kipande cha diski, ile ile ya Ubuntu, ya Windows msiiguse hata kwa bahati mbaya. Na msije mkageuza bayosi iwe Legacy ati ndio Ubuntu iwake, Windows nayo itagoma na hapo ndio fundi atakula hizo elfu tatu.

Kijana naye aingie Windows azime Fast Startup, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows haizimiki kikweli, yalala, na Ubuntu ikitaka kuandika kwenye partisheni ya Windows itakataliwa.

Halafu mkishafaulu mtaona kioja, saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu, adhuhuri saa sita yenyewe yasema saa tatu asubuhi. Ubuntu huweka saa ya mashine kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi huku tuko mbele yake kwa masaa matatu. Kijana aandike kwenye terminali ya Ubuntu, lile dirisha la kuandikia amri, timedatectl set-local-rtc 1, kisha arudi Windows airekebishe saa mara moja.