Ushauri kwa Mtazamaji wa A Serious Man, Filamu Isiyotoa Jibu

Wengi niliowaonyesha filamu ya A Serious Man hapa Lamu huuliza swali moja mara inapokatika: "Sasa maana yake nini?" Wana haki ya kuuliza. Filamu hiyo, iliyotengenezwa na ndugu wawili Wamarekani, Joel na Ethan Coen, na kutolewa mwaka 2009, inamrundikia mtu mmoja mikasa juu ya mikasa, inatuchekesha katikati ya mikasa hiyo hiyo, kisha inakwisha bila kutuambia alikosa nini. Ushauri wangu ni kuliweka kando kwanza swali la kwa nini yalimpata, na kutazama kwa makini wanavyotendeana watu wasioijua sababu.

Mhusika mkuu ni Larry Gopnik, Myahudi anayefundisha fizikia chuoni huko Minnesota, jimbo la Marekani, mwaka 1967. Mkewe anataka talaka ili aolewe na Sy Ableman, mtu wanayefahamiana naye. Barua zisizo na jina zinaandikwa kumchafulia kazini. Mwanafunzi aliyefeli anamwachia bahasha ya pesa. Nduguye Arthur, asiye na kazi wala makao, analala kwenye kochi lake. Darasani Larry hufundisha kanuni aliyoitoa mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg mwaka 1927, isemayo kwamba mahali ilipo chembe ndogo na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Anaujaza ubao mzima kwa hesabu zake, lakini akirudi nyumbani hawezi kustahimili kutojua.

Niliitazama kipindi ambacho mama yangu alikuwa mgonjwa. Vipimo vyake vilikuwa vimepelekwa Mombasa, na kila tulipopiga simu tuliambiwa majibu bado. Mkazi wa Lamu anaijua hali hiyo: kumpeleka mgonjwa huko ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la safari ndefu, kwa hiyo mtu hukaa akisubiri kuambiwa aondoke au asiondoke. Nyumba haikukaukiwa na wageni, na kila mgeni alikuja na maelezo yake. Jirani mmoja alimshika mama mkono akasema ni husuda. Ami yangu, ambaye neno lake lina uzito barazani, alisema ni mtihani, akatukumbusha habari za Nabii Ayubu. Mwingine alituuliza tumemkosea nani. Wote walikuja kwa mapenzi, na ninawashukuru mpaka leo, lakini walipoaga mama alikuwa amechoka kuliko walipobisha hodi.

Kwa sababu hiyo sehemu ambamo Larry anatafuta jibu kwa marabi watatu, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, ilinigusa kuliko zote. Rabi kijana anamwelekeza Larry atazame uwanja wa kuegesha magari nje ya dirisha, auone kwa jicho jipya. Wa pili anamsimulia kisa cha daktari wa meno aliyekuta herufi za Kiebrania zimechongwa upande wa ndani wa meno ya chini ya mgonjwa asiye Myahudi, zikisomeka "nisaidie, niokoe". Daktari anakosa usingizi. Anachunguza meno ya wagonjwa wengine, anazigeuza herufi kuwa tarakimu, anaipiga namba hiyo ya simu, inapokelewa katika duka la vyakula, anafunga safari mpaka dukani, na humo hamna ila vyakula. Larry anausubiri mwisho wa kisa kwa hamu, na mwisho wenyewe ni kwamba daktari alitafuta kwa muda, akaacha, akarudia maisha yake. Rabi wa tatu, mzee anayeheshimiwa kuliko wote, hampokei kabisa. Karani wake anaeleza kwamba ana shughuli, nayo ni kuwaza.

Nilimsimulia mama kisa cha meno, akacheka kicheko ambacho tulikuwa tumekikosa nyumbani kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Na yule mwenye meno, mwanangu, kuna aliyemwuliza ana shida gani?" Larry naye anamwuliza rabi yaliyompata mgonjwa huyo, na rabi analipuuza swali. Meno yanaomba msaada, na daktari anahangaika kumtafuta aliyeandika, ilhali mwenye kinywa amekaa kitini mbele yake. Sijasoma wala kusikia ufafanuzi wa sehemu hiyo unaozidi swali la mama.

Sisi tuliolelewa na tenzi kama Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anautazama uharibifu wa mji wa Pate na kuuonya moyo wake, tumezoea mikasa inayomwelekeza mtu mahali. Tukiikuta filamu isiyoelekeza, huwa tunaiongezea funzo wenyewe. Karibu na mwisho Larry anapokea bili ya wakili, anambadilishia yule mwanafunzi alama, na papo hapo simu inalia: daktari anamwita kwa ajili ya picha ya eksirei, huku kimbunga kikikaribia shule ya mwanawe. Watazamaji wengi husema ameadhibiwa. Ninawaomba wakumbuke kwamba picha hiyo ya eksirei alipigwa mwanzoni mwa filamu, kabla hajagusa alama ya mtu. Kama alikuwa na ugonjwa, alikuwa nao tayari.

Mahali ninapomwona Larry katika ubora wake ni usiku ule Arthur anapolia kando ya bwawa la kuogelea lisilo na maji. Hana jawabu la kumpa nduguye, na hata hivyo anabaki naye.

Majibu ya mama yalipofika yalitaja ugonjwa na dawa. Kwa nini yeye, hayakutaja. Sisi watoto tuligawana yaliyowezekana: nani ataandamana naye Mombasa, nani atabaki na wadogo, nauli itatoka wapi.

Ukiwa na msiba wa karibuni, iache filamu hii mpaka moyo utulie, kwa kuwa ucheshi wake unaweza kuuma. Vinginevyo itazame pamoja na watu wa rika tofauti, na tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha, maana utangulizi wake ni wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya. Haifiki saa mbili. Mkianza baada ya Isha mtabaki na muda wa kuzungumza, na mazungumzo hayo hayapaswi kuachwa mpaka asubuhi.